Namba ya Nsabimana

Kadi ya harusi ilikubali kutazamwa, ila ilikataa kuguswa. Capitoline aliichora kwa mkono wake mwenyewe katika duka la kupiga chapa huko Area 25, Lilongwe. Jana aliiweka kwenye foda ya pamoja. Leo kompyuta inamwambia hana ruhusa ya kusahihisha hata jina la bibi arusi. Akahamia kompyuta ya pili, hadithi ile ile. Ya tatu haikuiona kadi kabisa. Mwenye duka, Bwana Kamwendo, akaita mafundi wa mjini, vijana wenye vitambulisho vya plastiki vinavyoning'inia shingoni. Wakazima, wakawasha, wakakuna vichwa, wakasema seva imezeeka, anunue nyingine. Wakaondoka. Ndipo Capitoline alipotaja kwamba kule Dzaleka, kwenye kambi ya wakimbizi, kuna kijana wa kwao Bukavu, Kongo, anayejua vitu hivi.

Kijana mwenyewe ni Guelord. Alikuwa na licence ya informatique, yaani shahada ya kompyuta, na ile licence ilikuwa imepata kazi kabla yake: iliziba tundu la dirisha, upepo wa huko kambini usimpige mama yake usiku. Aliisomea kwenye skrini ya simu iliyopasuka, ndani ya nyumba ya tofali za udongo, huku Mama Mathilde akikanyaga cherehani pembeni, akishona sare za kwaya mpaka magoti yakavimba, ili mtoto asome. Mtoto akasoma. Halafu? Kila mlango aliobisha aliulizwa kibali cha kufanya kazi. Kibali kinaombwa na mwajiri. Mwajiri haajiri mtu asiye na kibali. Watu wenye akili timamu walikaa kwenye viti vya kuzunguka wakatunga kitu hicho, wakakipiga mhuri, wakaenda kula.

Mama Mathilde alikuwa na watoto wengine. Walibaki njiani familia ilipokimbia, na hakuwahi kusema walibaki njia gani. Kila mara Guelord alipoingia nyumbani, kabla hajavua viatu, mama alimshika uso kwa mikono miwili, kama mtu anayechagua nyanya sokoni, akasema, "Uko." Basi. Kijana hakuwa na nchi, hakuwa na kazi, hakuwa na mchumba. Alikuwa na hilo neno moja la mama yake.

Bwana Kamwendo alimpokea vizuri, kwa Kiingereza cha upole. Alimwambia atengeneze foda ya pamoja, aitunze isiharibike tena, na yeye ataandika barua ya kumwombea kibali, ili siku moja Guelord amhamishie mama yake mjini kihalali, watoke kambini. Kwa sasa alale stoo. Na mtu yeyote akiuliza, aseme yeye ni mteja anayesubiri kadi zake.

Guelord akashukuru, zikomo, bwana. Angesema nini?

Stoo ndimo ilimokaa seva, kati ya marundo ya karatasi na vitenje, yaani vitenge, vya kanisa vilivyochapwa sura za maaskofu. Seva ilikuwa ya Linux, na kompyuta za mbele dukani zilikuwa za Windows, na hao wawili ukiwaweka nyumba moja wanaishi kama wake wenza. Windows anakuja mlangoni na jina na neno la siri. Linux anasikiliza jina kwa heshima, lakini moyoni anajua namba tu. Kila mtu aliyesajiliwa humo ana namba yake, na kila faili linabeba namba ya mwenye mali. Jina ni nguo. Namba ndiyo mwili. Guelord akafungua foda, akaamuru mashine imwonyeshe wenye mali. Kadi za harusi, ratiba za mazishi, kalenda za makanisa, vyote vilikuwa vya namba moja, na mahali pa jina hapakuwa na jina.

Alijua maana yake. Kulikuwa na mtu hapa, mtu akafutwa, mali yake ikabaki. Kitu kimoja tu hakikukaa sawa. Kadi ya Capitoline ilichorwa wiki hii. Mtu aliyefutwa zamani anawezaje kupata mali mpya wiki hii? Guelord alijiuliza hilo, halafu akafanya kile mafundi wote hufanya na swali linalochelewesha kazi: akaliruka.

Walipokuwa wanakula, alimuuliza Capitoline nani alikuwa fundi hapa. Capitoline kwanza aliangalia mlango wa ofisi ya bosi. Yeye aliolewa na Mmalawi, ana karatasi, lakini kuogopa hakukumtoka. Akaeleza kwa sauti ya kwenye msiba kwamba alikuwa Mrundi, Nsabimana, aliyeijenga seva ile kwa vyuma vya kuokota, na duka zima lilisimama juu ya kichwa chake. Mwaka ule ilipotoka amri ya wakimbizi wote kurudi kambini, lori lilikuja hapo mbele na mvua inanyesha. Nsabimana aliwaambia maafisa anafanya kazi hapa, wamuulize bosi. Wakamuuliza.

"Alisema *sindikumudziwa*," Capitoline alisema. "Eti hamujui. Muntu yenye walikuwa banakula naye ku sahani moja."

Wakampandisha kwenye lori, chini ya turubai lililolowa. Akafika Dzaleka na homa, na kabla masika hayajaisha wakamzika. Jioni ile ile ya lori, Kamwendo alikuwa ameshamfuta kwenye mashine, jina lisije likakutwa.

Guelord akasema pole. Kisha akarudi stoo kufanya kazi, maana barua ya kibali haimngoji mtu amalize kusikitika.

Fundi mwenye subira angemuunda mtumiaji mpya, akahakikisha amepewa namba mpya, akahamisha mali faili kwa faili. Guelord hakuangalia. Aliandika jina lake tu, akaiachia mashine imchagulie namba yenyewe, na mashine haina msiba wala kumbukumbu. Ikiona namba imebaki bila mtu, inampa anayefuata. Alipoamuru tena aonyeshwe wenye mali, pale palipokuwa patupu, kutoka juu mpaka chini, pote paliandikwa *guelord*.

Akacheka peke yake. Hakuhamisha kitu, vyote vilikuwa vyake tayari. Akaongezea njia ya mkato aliyoipenda: kompyuta yoyote ya Windows ikibisha, iingie kwa jina lake. Kuanzia hapo kila aliyeandika dukani aliandika kama Guelord. Kadi ya harusi ikafunguka, jina la bibi arusi likasahihishwa, Bwana Kamwendo akapiga makofi na kutuma chipsi na Fanta. Mafundi wenye vitambulisho shingoni walishindwa, mkimbizi ameweza. Hilo aliliramba kama asali.

Harufu ilianza siku iliyofuata. Turubai lililolowa. Hakuna mtu wa Dzaleka asiyeijua, ile harufu ya plastiki nzito iliyonyeshewa ikakunjwa mbichi, na nyuma yake dizeli. Lakini ulikuwa wakati wa vumbi. Mvua hata dalili hazikuwepo. Guelord akapekua vitenje, akapekua karatasi, akanusa ukuta. Palinuka pale ilipokaa seva, na palinuka zaidi kila alipogusa kibodi.

Kisha yakaja mafaili. Akirudi kutoka kuoga anakuta limehifadhiwa faili kwa jina lake. Akirudi kutoka kununua vocha, jingine. Yalikuwa matupu yote. Mtu alikuwa anafungua, anahifadhi, anafunga, kama anayejaribu funguo kwenye nyumba aliyohamia.

Jioni moja, duka limeshafungwa na giza linaingia, umeme ukakatika Area 25 yote. Redio za majirani zikanyamaza. Feni ya seva, ambayo ilipaswa kunyamaza nazo, ikaendelea. Ila haikuzunguka, ilivuta na kutoa, ilivuta na kutoa, kama kifua cha mtu mwenye homa, na Guelord akiwa amekaa kwenye godoro lake, simu mkononi, akasikia kutoka pembe ile ya stoo, si mlangoni, si dirishani, bali kutoka ndani, chini kabisa kwenye nyaya, sauti ya adabu ikisema:

"Hodi."

Sasa mtoto aliyelelewa na Mama Mathilde, ukimbishia hodi hata katikati ya ndoto, mdomo wake utajibu kabla kichwa hakijaulizwa. Ni malezi. Ni fimbo za utotoni.

"Karibu," Guelord alisema.

Feni ikanyamaza.

Jumamosi alikwenda kambini. Alifika Dzaleka mchana, jua kali, akapita kwa wauza mkaa, akaingia uani kwao, akabisha. Mama Mathilde akatoka na uzi mdomoni, akamwangalia kama mtu aliyeona mzaha usiochekesha.

"We unatoka wapi tena?" aliuliza. "Si nimekuacha ndani unakula?"

Guelord akaingia. Mezani palikuwa na sahani ya bugali na sombe, mboga ya majani ya muhogo, nusu imeliwa, na alama za vidole kwenye bugali zilikuwa bado na joto. Kwenye kiti hapakuwa na mtu. Kitini palilowa, na harufu ikampiga mpaka akashika ukuta.

"Mama, ule muntu aliingia na nani?"

"Muntu gani? We. Na shati hiyo hiyo." Akasogea, akamshika uso kwa mikono miwili, akaugeuza huku na huku, mikono ikatulia, kisha akaiondoa. "Nilishakushika leo. Nilikuambia uko. Ulikuwa baridi, nikasema ni jasho."

Hakulisema tena lile neno. Siku ile hakulisema, na Guelord aliona wazi kwamba alikuwa amelitumia kwa mwingine, na hakuna mama anayejua kulirudisha.

Kwanza wakaenda kwa pasta. Pasta akamwekea mikono kichwani, akapiga kelele kwa Kifaransa, akamwambia afunge kula. Guelord alikuwa amefunga tangu Bukavu bila kupangiwa na mtu. Mama mwenyewe ndiye aliyesema, huku akiangalia chini kwa aibu ya Mkristo, kwamba kule sokoni kuna Shehe Sumaili wa Kindu, muuza chaja na samaki wakavu, na watu wanapita kwake jioni kwa mlango wa nyuma, wazee wa kanisa wakiwemo.

Sumaili aliwapokea katikati ya samaki zake. Hakuwasha ubani, hakuzungusha macho. Alimwacha Guelord aeleze yote, namba, seva, hodi, akiuliza kama fundi mwenzake: namba ilikuwa ya nani, nani aliifuta, we uliivaa namna gani? Kisha akafunga kitabu chake cha dua, akaongea chinichini, maana wateja walikuwa wanapita.

"Mufu harudiake. Nsabimana alishaenda. Lakini kila muntu anatembeaka na jini yake, tangu kuzaliwa. Muntu akifa vibaya, bantu bakamukana, ile jini inabakia inje. Iko sawa na sisi wakimbizi. Kwao kulivunjika, inatafuta pa kukaa. We ulivaa namba yake, kisha ukaiambia karibu. Sasa unaiuliza nini? Iko kwake."

"Nifanye nini, Shehe?"

"Mupatie Nsabimana jina yake na namba yake, na vintu vyake vyote. Ufunge. We toka mule, utafute namba yako. Na kuanzia leo jina yako ikiitwa, itika mbio. Ukinyamaza, ye ataitika. Akiitika na bantu bakamukubali, mutoto yangu, hakuna kitabu yenye itasaidia."

Mama Mathilde alimsindikiza Guelord mpaka kwa waendesha kabaza, zile baiskeli za kubeba abiria. Hakumuomba abaki. Alimwambia amalize ile kintu, arudi, na akirudi aite kutoka mbali, aseme jina la yule mdogo wake wa mwisho aliyebaki njiani, ambalo hakuna aliyelitaja nyumbani miaka yote hiyo. Yule mwingine hatalijua. Guelord akakubali.

Jumatatu Bwana Kamwendo alikuwa na furaha. Barua ya kibali ameshaianza, alisema. Ijumaa ataisaini, mradi tu wiki hii kazi isisimame, kuna mazishi ya mtu mkubwa na harusi tatu. Guelord akasimama mbele ya seva na maneno ya Sumaili kichwani. Kumrudishia Nsabimana kila kitu na kufunga maana yake Windows zote zitakataliwa. Kadi zitarudi kuwa za kutazama. Kuhamisha yote upya ni siku nyingi. Ijumaa itapita, barua itapita nayo.

Basi akafanya dhambi ya mafundi. Waulize wote, wa Bukavu, wa Blantyre, wa Ulaya. Ruhusa zikiwasumbua na bosi amesimama mgongoni, wote wanajua amri ile moja fupi inayowafungulia watu wote kila kitu: kusoma, kuandika, kuingia, bila kuulizwa jina. Huandiki mwenye mali ni nani, unafuta swali lenyewe. Guelord alijiambia kwamba mali ikiwa ya kila mtu, haitakuwa na haja ya kuwa ya yule. Hakumrudishia Nsabimana jina. Alivunja kuta tu. Akabonyeza, na ndani ya stoo, mchana kweupe, kitu kikapumua kwa raha, pumzi ndefu ya mtu anayevua mzigo, na harufu ya turubai ikatoka pale ilipokuwa imejibana siku zote, ikapita karibu naye kama mtu anayeomba njia, ikaenda mbele dukani.

Alhamisi alitumwa mkate. Alirudi akamkuta Capitoline amekaa kwenye kiti chake, mikono mapajani, hachori.

"We ulipita wapi?" alinong'ona.

Guelord akamwonyesha mkate.

"Ulikuwa hapa," Capitoline alisema. "Sasa hivi. Nilikuomba unirekebishie picha ya marehemu, ukakaa hapa pembeni, ukairekebisha. Ukaniuliza kama mvua ilishaacha. Nikafikiri unacheka nami. Sasa hivi umeingia stoo. Guelord, uliingia stoo na mimi nikiangalia mugongo yako."

Kiti cha pembeni kilikuwa kinadondosha maji.

Hapo barua ikamtoka kichwani, ikamtoka Ijumaa, ukamtoka mji. Alimwambia Capitoline kwamba anamrudishia Nsabimana namba yake sasa hivi, duka na lisimame, Kamwendo na apasuke. Akaingia stoo, na hakukuta mtu. Akakaa mbele ya kibodi. Aliandika herufi za kwanza za lile jina la Kirundi, na hakufika katikati.

Gari likasimama mbele ya duka. Guelord alilijua kwa mlio. Wakimbizi wote wa Lilongwe wanayajua magari hayo kwa mlio, kama kuku anavyojua kivuli. Milango ikafunguliwa, viatu vikashuka. Mtu alikuwa amewachongea. Kabla hajafikiri, miguu yake ilikuwa imeshamwingiza nyuma ya vitenje, kati ya ukuta na maaskofu, na kwa ufa wa mlango aliona kaunta, mgongo wa Capitoline, tumbo la Bwana Kamwendo.

Maafisa walikuwa na adabu. Waliuliza kama hapa kuna raia wa Kongo anayefanya kazi bila kibali. Kamwendo akaanza kuzunguka na maneno. Mmoja akaangalia karatasi yake, akainua kichwa, akaita kuelekea ndani, si kwa ukali, kama jirani anayeuliza jirani yuko wapi:

"Guelord? Guelord ali kuti?"

Itika mbio, Sumaili alisema, na Guelord alilisikia hilo waziwazi, akasikia pia kwamba kuitika ni kupanda gari, ni kambi, ni licence kwenye tundu la dirisha mpaka itoboke, na kwamba mtu akitulia tu nyuma ya vitambaa hivi mpaka wachoke waondoke basi kesho ni Ijumaa na Ijumaa ina barua, na barua ina mji, na mji una nyumba yenye mlango wa mbao ambamo mama hatakanyaga tena cherehani ya mtu, kwa hiyo akasema moyoni kwamba ataitika, ataitika tu, wakimwita mara ya pili ataitika, akaziba mdomo wake kwa mkono wake mwenyewe, akanyamaza.

"Niko hapa," sauti yake ilisema, kule mbele.

Kwa ufa wa mlango aliona mtu akiinuka kwenye kiti cha pembeni mwa Capitoline, kiti ambacho kilikuwa kitupu. Shati lake. Kisogo chake, na kovu la utotoni nyuma ya sikio. Mtu yule alisogea kaunta, mikono mbele, mpole, kama anayekwenda kupokea zawadi. Afisa akamgeukia Kamwendo, akamuuliza kama anamjua huyu.

Kamwendo akafungua mdomo. Neno lake la zamani lilikuwa limeshakaa tayari mdomoni. Lakini yule mwenye shati la Guelord akamgeukia, akamwangalia tu, akisubiri, na maji yakimtiririka kwenye mikono hadi kwenye saruji. Guelord hakuuona ule uso. Aliuona wa Kamwendo, na ulikuwa uso wa mtu aliyefukuliwa.

"*Ndikumudziwa*," Kamwendo alisema. "Ndi Guelord. Ndi munthu wanga."

Anamjua. Ni Guelord. Ni mtu wake. Neno lile, ambalo lingemzuia Nsabimana asife, lilimtoka mwishowe, mbele ya mashahidi, likampata asiyekuwa mtu. Yule mwingine akashukuru kwa kichwa. Akatoka nao, akapanda gari mwenyewe bila kusukumwa. Gari likaondoka kuelekea Lumbadzi, njia ya kambini.

Guelord akatoka nyuma ya vitenje. Capitoline akajifunika uso, akaanza kusali kwa Kifaransa, haraka, akirudia mstari ule ule. Bwana Kamwendo akamtazama kutoka miguuni mpaka kichwani, akamuuliza kwa Kiingereza kile cha upole kama amekuja kuchukua kadi.

"Bwana, ni mimi. Guelord."

Kamwendo akatikisa kichwa taratibu. Alisema tena lile neno lake, kwamba hamjui, na safari hii, kwa mara ya kwanza maishani mwake, hakuwa anadanganya. Guelord akarudi stoo mbio, akaandika jina lake kwenye mashine, akaandika neno lake la siri. Mashine iliyokuwa wazi kwa watu wote duniani ikamjibu yeye peke yake kwamba hana ruhusa.

Jioni akampigia mama yake, akiwa bado amesimama nje, kwenye vumbi la Area 25. Simu ikaita muda mrefu. Mama Mathilde alipokea akicheka. Hajacheka hivyo tangu Bukavu. Alisema samahani, hapa kuna furaha, mtoto yake wamemrudisha na gari la serikali mpaka mlangoni, amenyeshewa kabisa, ndo anaota moto.

"Mama, ule si mimi. Mimi njo Guelord. Mama, sikiliza, uliniambia nikirudi niseme jina ya mudogo yangu." Akalitaja.

Mama akajibu kwa sauti ya kumhurumia mtu asiyemjua.

"Hata ye amelisema," alisema. "Alipofika tu, ni lenyewe alianza nalo. Akaniambia ile katoto kalibakia wapi, na kalikuwa kamevaa nini. Ile hata Guelord sikumwambiaka. We ni nani, baba? Juu ya nini unalia?"

Kwenye simu, nyuma ya mama, mlango ulisikika ukifunguka, mtu akauliza ni nani anapiga. Mama akasema hajui, ni kijana fulani, anaonekana amepotea.

"Guelord," mama aliita, amegeuka pembeni na simu, "kuya ukule, bugali inapoa."

Kule Area 25, kijana akavuta pumzi, akafungua mdomo wote.

"Nakuya, Mama," sauti yake ikajibu, mbali, karibu na moto.